Mlango mkubwa umechimbwa, vijilango vya majahazi je?

Wananchi wanaovuka na pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni huukata mlango wa Bandari ya Dar es Salaam kila siku kwa dakika chache bila kuufikiria. Wanawaza foleni, nauli na jua. Lakini katika maji yale membamba ndimo inamopita sehemu kubwa ya mbolea inayokwenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, ngano ya viwanda vya unga, mafuta ya kula ya duka la Tandika, na vipuri vya pawatila.

Nchi imeingia gharama kubwa kuupanua mlango huo. Julai 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 345 za Marekani kwa ajili ya mradi wa kuboresha bandari, na humo ndani ilikuwamo kazi ya kuchimba njia ya kuingilia meli na eneo la kugeuzia hadi kina cha mita 15.5, pamoja na kuimarisha gati namba moja hadi saba na kuzichimba hadi mita 14.5. Kwa miaka mingi bandari yetu ilikuwa haipokei meli yenye urefu unaozidi takriban mita 240. Mwaka 2024 iliingia meli ya makontena yenye urefu wa karibu mita 294 ikafunga gatini salama.

Hilo ni jambo la kupongezwa, na mimi ni miongoni mwa wanaopongeza. Hata hivyo, mkulima na mfanyabiashara mdogo ana haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza, je, faida ya kina hicho inamfikia, au inaishia kwa mwenye meli? La pili, ambalo halizungumzwi kabisa, ni nani anayepima na kuweka alama katika vijilango vidogo vya miamba ambavyo majahazi na mashua zetu hupita kila siku, kuanzia Mbweni na Kunduchi hadi Kimbiji?

Kabla ya kujibu, tuutazame mlango wenyewe.

Pwani ya Dar es Salaam ina ukuta wa miamba ya matumbawe mbele yake. Upande wa kaskazini kuna visiwa vya Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini. Upande wa kusini kuna Makatumbe viwili, Kendwa na Sinda. Katikati ya visiwa na mafungu hayo kuna mianya, na mmoja wa mianya hiyo ndio unaoipeleka meli hadi kwenye mkono wa bahari unaoingia Kurasini na Mtoni. Ni mwembamba na una kona. Mtu aliye baharini, asiye mwenyeji, anaweza kupita mbele yake asijue kama ndani kuna bandari.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji hapa miaka ya 1860 alivutiwa na utulivu wa maji ya ndani, lakini mlango ule ulimsumbua. Vyombo vya matanga vilitegemea upepo, na upepo haujui kona. Ilibidi Majid aagize boti ya mvuke kutoka Hamburg ya kuvuta vyombo kuingia na kutoka. Wajerumani nao, walipohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walichokifuata ni kina. Bagamoyo ilikuwa na biashara, misafara na majumba, ila maji yake ni ya kina kidogo na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Kwa maneno mengine, mji mmoja ulipanda na mwingine ukashuka kwa sababu ya pima chache za maji.

Wembamba wa mlango una hatari yake pia. Agosti 1914, vita ilipoanza, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea mlangoni ili manowari za Waingereza zisiingie. Chombo kimoja tu kikizama mahali pabaya, Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na sisi wenyewe tunakuwa na tatizo.

Sasa njia kama hii hupimwaje? Wazee wa bahari walitumia bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Chini ya bildi waliweka shahamu, ikigusa chini inarudi na mchanga, tope au vipande vya chaza, na nahodha akajua yuko juu ya nini. Kwa bildi hiyohiyo Waingereza walichora ramani za mwanzo za pwani yetu: Kapteni Owen miaka ya 1820, kisha Kapteni Wharton akiwa na meli za Shearwater na Fawn miaka ya 1870.

Bildi ina kasoro moja kubwa kwenye miamba. Chini pakiwa mchanga, kina hubadilika polepole, hivyo ukipima hapa na ukapima tena hatua mia mbele unaweza kukisia kilicho katikati. Tumbawe haliko hivyo. Husimama kama nguzo au kichuguu. Bildi ikianguka pima mbili pembeni yake inakupa maji mengi, wewe unaandika salama, na kichwa cha mwamba kiko palepale kikisubiri meli. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walikuwa wakikokota waya kati ya boti mbili, ukinasa wanajua kuna kitu.

Siku hizi hutumika sauti. Chombo hutuma mlio chini na kusubiri mwangwi. Sauti husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mahali penye mita 15 mwangwi hurudi baada ya sehemu mbili za mia za sekunde. Mitambo mikubwa hutuma milio mingi kwa mpigo kama feni na kufagia eneo zima, hakuna kichuguu kinachopona. Setilaiti husema boti iko wapi, na kipimo cha maji kilichosimikwa ufukweni husema maji yamejaa au yamekupwa kiasi gani wakati huo.

Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam wakati wa bamvua hupita mita tatu. Mtu akikuambia pahala fulani pana kina cha mita nne bila kusema ni maji gani, hajakuambia kitu. Kina kinachoandikwa kwenye ramani huhesabiwa kuanzia maji yanapokuwa madogo kabisa, na nahodha huongeza juu yake maji ya saa ile.

Hapo ndipo uchumi unapoingia. Njia isipokuwa na kina cha kutosha, meli nzito husubiri nje mpaka maji yajae. Ikikosa maji ya leo asubuhi inangoja ya jioni, na kama gati limeshachukuliwa na mwenzake inangoja zaidi. Meli haisubiri bure. Siku zikizidi zile zilizokubaliwa katika mkataba, mwenye mzigo hulipa faini ya kuchelewesha meli.

Tufanye hesabu ya mfano, nami nasisitiza ni mfano ili msomaji aone uzito wake. Chukua meli yenye tani 30,000 za mbolea, gharama ya kuchelewa ni Dola 15,000 kwa siku, na imesubiri siku kumi. Hiyo ni Dola 150,000. Ukigawa kwa tani unapata Dola tano kila tani. Dola ikiwa Sh2,500, hizo ni Sh12,500 kwa tani, na kwa kuwa tani ina mifuko 20 ya kilo 50, kila mfuko umebeba Sh625 ambazo hazikununua hata chembe moja ya mbolea. Mkulima wa Songea anayenunua mifuko minane amelipa Sh5,000 za meli kukaa nangani, wala hajui.

Mtu atasema Sh625 ni nauli ya daladala tu. Kwa mfuko mmoja ni kweli. Kwa meli nzima ni Sh milioni 375, na meli hazifiki moja kwa mwaka.

Tanga ni mfano mzuri zaidi kwa sababu tofauti yake inaonekana kwa macho. Kwa miaka nenda rudi meli zilitia nanga kiasi cha mita 1,700 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakaja gatini, mzigo ukapandishwa tena. Kazi moja ilifanywa mara mbili na ikalipiwa mara mbili. Mkonge wa Korogwe na Muheza nao ulitoka kwa njia hiyohiyo. Baada ya njia kuchimbwa kutoka mita tatu hadi mita 13 na gati kuboreshwa, meli sasa zinafunga gatini. Mombasa walimaliza kuchimba yao hadi mita 15 mwaka 2012, na wasafirishaji wa nchi jirani huangalia mambo hayo kabla ya kuamua mzigo upite wapi.

Je, akiba hiyo inamfikia mkulima? Kwa mzigo wa makontena nina shaka. Kampuni za meli zinazokuja Afrika Mashariki si nyingi, na penye wauzaji wachache faida ya meli kubwa hubaki kwa mwenye meli mpaka ashindanishwe. Hilo halina ubaya wa kipekee, ndivyo soko lilivyo, lakini tusidanganyane kwamba kina kikiongezeka nauli itashuka yenyewe.

Kwa mbolea hali ni tofauti kidogo, na hapa ndipo ninapotaka wakulima wakaze buti. Mwaka 2017 mbolea za aina kuu zilianza kuagizwa kwa mfumo wa pamoja, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) imekuwa ikitangaza bei elekezi. Bei hiyo hujengwa kwa kujumlisha bei ya ununuzi nje, nauli ya meli, gharama za bandari, usafiri wa ndani na faida ya muuzaji. Basi gharama ya meli kusubiri itajwe peke yake katika hesabu hiyo, mwaka hadi mwaka. Mlango ukiwa umefanya kazi yake tutaiona ikipungua. Isipopungua, tutauliza imekwama wapi, kwa waendeshaji wapya wa gati walioingia baada ya mkataba wa DP World wa Oktoba 2023 au kwingineko. Kwa kuwa serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/23, hata Hazina ina sababu ya kutaka kujua.

Kuna jambo jingine linalowahusu watu wa Temeke moja kwa moja. Mlango uliochimbwa haubaki kama ulivyochimbwa. Mito ya Kizinga na Mzinga inamwaga maji yake kwenye mkono uleule wa bandari pale Mtoni, na mvua za masika zikinyesha inaleta tope kutoka mabondeni. Wachimba mchanga wa kandokando ya mito hiyo, na wanaolima mchicha hadi ukingoni kabisa, wanasaidia kuujaza mlango ambao taifa limekopa kuuchimba. Sisemi wakulima wa bonde wafukuzwe. Mboga za soko la Stereo zinatoka wapi? Nasema mita tano za majani na matete kando ya mto ni nafuu kuliko kumleta tena mwenye meli ya kuchimba. Na upimaji urudiwe kila mwaka, hasa baada ya masika, matokeo yabandikwe hadharani.

Wavuvi nao wana hesabu yao. Tumbawe ni kiumbe hai, linahitaji mwanga, na tope linalotibuliwa na uchimbaji likitulia juu yake hulisonga. Miamba yetu imeshapigwa sana: na joto la bahari la mwaka 1998, na baruti, na uchomaji wa chokaa. Visiwa vya kaskazini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, lakini tangazo halizuii tope. Watu wa Kunduchi wanafahamu ufukwe unapoachwa bila kinga huwa nini, wamewahi kuona Hoteli ya Africana ikiliwa na bahari. Samaki wa soko la Feri wanakulia kwenye miamba hiyohiyo.

Na njia isiyofuatwa sawasawa ni hatari kuliko njia isiyochimbwa. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda juu ya mwamba wa matumbawe huko Mauritius, na takriban tani 1,000 za mafuta zikamwagika. Meli ilisogea karibu na kisiwa ili mabaharia wapate mtandao wa simu, na uchunguzi ulionesha kwamba haikuwa na ramani ya kipimo kikubwa cha eneo lile. Mwamba ulikuwa umekaa hapo miaka yote. Walioumia ni wavuvi na wenye hoteli ndogo.

Sasa nirudi kwenye vijilango.

Vitunguu, viazi, nyanya na maharage yanayoliwa Unguja yanatoka kwa kiasi kikubwa Bara, na sehemu yake huvuka kwa majahazi na boti za mbao. Wafanyabiashara wanaotumia fukwe kama Mbweni wanaitwa watu wa bandari bubu, jina ambalo tayari linawahukumu. Ukweli ni kwamba wengi wao wanakwenda huko kwa kuwa mzigo wao ni mdogo, hauna hadhi ya gati kubwa, na nyanya haingoji makaratasi.

Safari yao inaamuliwa na mwamba na maji. Maji yakipwa chombo hulala mchangani. Yakijaa usiku, nahodha huondoka usiku. Njia ya kutoka kati ya mafungu iko kichwani mwake: apange mnazi fulani na paa la nyumba fulani, akiona vimelingana anajua yuko katikati ya mlango. Ujuzi huo ni mali, lakini una mipaka. Mnazi hukatwa, mwenye nyumba hujenga ghorofa, na usiku wa kusi hakuna kinachoonekana. Chombo kikigusa tumbawe, ubao unapasuka, na magunia ya viazi yanalowa. Bima hakuna. Mtaji ulikuwa wa mkopo wa kikundi.

Gharama haihesabiwi kwa ajali tu. Nahodha asiye na uhakika hupakia nusu, au husubiri bamvua, na mzigo unakaa ufukweni siku nzima juani. Mwenye nyanya za Lushoto au Ilula aliyezileta Mabibo ameshapunguziwa bei kwa sababu mnunuzi wa Unguja anajua sehemu itaoza. Hasara ya mwamba wa Kinondoni inalipwa na mkulima wa mlimani ambaye hajawahi kuona bahari.

Kupima vijilango hivi hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji boti ndogo, kipima-kina cha mwangwi cha aina ambayo hata baadhi ya wavuvi wanayo, kifaa cha setilaiti, mti wenye alama za sentimita uliosimikwa ufukweni kusoma maji, na wapimaji wanaojua kazi. Chuo Kikuu cha Ardhi kinafundisha upimaji. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kiko mjini. Vijana wa mwaka wa mwisho wakipelekwa Mbweni, Kunduchi na Kimbiji kwa majuma machache chini ya wakufunzi wao, pamoja na manahodha wenyeji wanaoijua kila fungu kwa jina, ramani itapatikana. Wenyeji walipwe posho kama wataalamu, kwa maana ni wataalamu. Kisha ziwekwe boya mbili au tatu kila mlango, na nguzo mbili za kulingana ufukweni badala ya mnazi na paa.

Kinachobaki ni nani awajibike. Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo linalosimamia usalama wa vyombo, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) imekuwa ikirasimisha baadhi ya bandari bubu. Mara nyingi kurasimisha kumekuwa na maana ya kuweka mlinzi, kibanda na risiti. Mtu akilipa ushuru wa bandari anastahili kupata bandari, na jambo la kwanza la bandari ni njia ya kuingilia. Risiti haielei.

Najua hoja itakayotolewa, kwamba kuweka boya Mbweni ni kuwarahisishia watu wa magendo. Nimeipima hoja hiyo na naona haina uzito. Mtu wa magendo hahitaji boya, ameshajifunza mlango na anaupenda ukiwa gizani. Anayehitaji alama ni yule mwenye gunia 40 za viazi na kibali mfukoni. Njia ikiwa na alama, vyombo vingi hupita mahali pamoja na wakati unaojulikana, na hata afisa wa TRA anajua asimame wapi.

Fedha zitoke wapi? Tozo za meli kubwa zinazotumia mlango mpya zipo tayari, na sehemu ndogo sana yake, isiyoonekana kwenye vitabu vya TPA, ingetosha kwa mianya yote ya mkoa. Halmashauri za Kinondoni na Kigamboni nazo zinakusanya ushuru wa samaki na mazao katika fukwe hizo, zichangie nguzo za nchi kavu.

Wenyeviti wa vikundi vya ufukweni (BMU) wasisubiri waraka. Wanaweza kuanza kuandika wenyewe, kwenye daftari, kila chombo kilichogusa mwamba: tarehe, saa, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, kilikuwa na mzigo gani na kiasi gani kiliharibika. Madaftari ya msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi yapelekwe kwa diwani kabla kamati za bajeti hazijakaa, nakala kwa TASAC.